Programu ya kutambua vipepeo: nyota 3 kati ya 5

Naishi San Diego, na programu hii ya simu naifungua kila nikipanda mlima Otay. Kwa picha sina neno: unavuta karibu mpaka unaona vimkia vyembamba na mstari mweupe unaokata bawa la kahawia.

Tatizo ni majina. Kipepeo wa mlima ule, ambaye kiwavi wake hula mti uitwao mberoshi wa Tecate tu, alielezwa kisayansi mwaka 1983 kama Mitoura thornei. Baadaye wataalamu wengi waliiingiza Mitoura ndani ya jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) Callophrys, na wapo wanaomhesabu kuwa nususpishi tu, yaani tawi dogo la spishi, ya Callophrys gryneus, yule wa miti ya mireteni. Ubishi haujaisha. Programu imeshika msimamo huo wa mwisho kimyakimya. Ukiandika thornei, hupati kitu. Hili limeniudhi kweli. Miberoshi ile iliungua 2003, ikaungua tena 2007. Kipepeo aliyefutwa kwenye orodha, nani atamtetea?

Wenye programu, wekeni majina yote, la zamani na la sasa, na mwaka wa kila moja. Ada tunayolipa inatosha kabisa kwa kazi hiyo.