Imemla Doto wetu, halafu naambiwa nipanue safu

Mazuri ya programu hii ya majedwali mnayajua, mimi sianzi na hayo. Ni katibu wa kikundi cha wakulima wa zabibu huku Hombolo, Dodoma, na programu yenyewe tumeinunua kwa michango ya wanachama. Majina na namba za NIDA, zile za kitambulisho cha taifa, nilishaziandika siku nyingi kwenye faili la maandishi, tarakimu tupu bila vistari. Nikalibofya, likafungukia humo. Namba zote zimegeuka 1.98703E+19 na ndugu zake. Nagusa ya kwanza niione kamili: tarakimu 20, sawa, ila tano za mwisho ni sifuri. Ya pili, sifuri tano. Kikundi kizima!

Nikapanda gari mpaka mjini kwa aliyetuuzia. Kijana hata macho hakuinua kwenye simu, salamu yangu ya "mbukwa" ikapotelea hewani. "Mama, panua safu, namba zipo." Nimeipanua mpaka basi, mwanangu. "Basi uliandika vibaya." Mimi! Niliyenakili kitambulisho kimoja kimoja, jua la saa nane, watu wamenizunguka.

Na hapo hajasikia habari ya mapacha. Tuna kulwa na doto, walijiandikisha NIDA siku moja, mahali pamoja. Namba huanza na tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo za hawa wawili zinatofautiana mkiani tu. Mkia ukishaliwa, nikaiagiza programu ifute wanaojirudia, wakabaki mtu mmoja. Doto kapeleka kreti zake za zabibu, kwenye orodha ya malipo hayumo.

Haki yake niiseme. Faili la mwanzo halikuguswa, kila tarakimu ipo. Mpwa wangu anayesoma UDOM alinielekeza: usilibofye, liingize kupitia sehemu ya data, na safu ya NIDA uichague iwe maandishi kabla hujamaliza. Kumbe ikiona tarakimu inadhani ni hesabu, na kwenye hesabu inashika 15 tu, zilizobaki inajaza sifuri. Nikafanya hivyo, zikatulia zote, hata zile sifuri za mbele kwenye namba za simu, ambazo sikuwa nimegundua kwamba nazo zimeliwa. Nikasema nyota nne.

Nne za nini? Imekula namba za watu na haikunionya hata kwa neno moja! Ningehifadhi juu ya lile faili, leo tungekuwa na sifuri tupu. Nyota moja. Haya, mbili, kwa ajili ya mpwa wangu. Doto jana kanipigia tena kuulizia hela yake.