Kadi za grafiki za bei ya kati Nairobi: ipi inafaa mashine uliyo nayo

Mashine nyingi za gemu Nairobi zilianza maisha zikiwa za ofisi. Ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre zilizoingia kama ex-UK (zilizotumika Uingereza) na kuuzwa Luthuli au Moi Avenue, zikiwa na Core i5 na RAM ya GB 8. Mwenye mashine hiyo akitaka kadi ya grafiki, yaani kifaa kinachochora picha za gemu, swali lake la kwanza dukani huwa ni ipi yenye nguvu zaidi. Muuzaji atamjibu vizuri tu, ila atakuwa amejibu swali lisilofaa. Mashine uliyo nayo inakuchagulia kadi kabla ya mfuko wako, na tathmini hii imepangwa kwa msingi huo.

Tuanze na umeme. Tundu la PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye madabodi (bodi kuu ya mashine), hutoa wati 75 peke yake. Plagi ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. OptiPlex 7050 ya tawa (kesi kubwa ya kusimama) ina pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine) ya wati 240, na kwa kawaida hakuna waya wa kadi unaotoka humo. Isitoshe, Dell hizi na EliteDesk 800 hulisha madabodi kwa plagi zao wenyewe, badala ya ile ya kawaida ya pini 24. Ukinunua pawasaplai mpya, nunua na adapta ya modeli yako siku hiyohiyo, la sivyo itakaa mezani.

Fundi akikupa adapta inayogeuza plagi ya SATA (ile ya kulisha diski) kuwa ya pini 8, ikatae hata kama anasema ameuza nyingi. Plagi ya SATA imeundwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Kadi ikivuta mara mbili ya hapo, plastiki hulainika, pini zinagusana vibaya, na joto huzidi. Na pawasaplai zile za bei ya chini zilizoandikwa 600W kwa maandishi makubwa, zigeuze usome jedwali dogo la ubavuni. Tafuta safu ya +12V. Ikisema 25A, zidisha kwa 12 upate wati 300. Hizo ndizo wati ambazo prosesa na kadi zitagawana, wala si 600.

Kama kesi yako ni ile nyembamba ya SFF, chaguo ni chache: RTX 3050 ya GB 6 yenye bracketi fupi (bamba la chuma la kufungia kadi kwenye kesi), inayokula wati 70 bila waya wa ziada, au GTX 1650 fupi. Pima kwanza upana kati ya tundu na pawasaplai, kwa sababu kadi hizi mara nyingi huchukua nafasi mbili. RX 6400 inaingia pia, ila inatumia njia 4 tu za data za PCIe, na kwenye madabodi ya PCIe 3.0 inapoteza kasi kiasi kwamba hatuipendekezi.

Sasa kadi zenyewe. RX 6600 ya AMD, iliyotoka Oktoba 2021, ndiyo tunayoipa kura kwa mashine ya tawa yenye i5 ya kizazi cha 6 hadi cha 9. Inakula wati 132, inataka plagi moja ya pini 8, na pawasaplai ya kweli ya wati 450 inaibeba bila jasho. Kwa 1080p (rezolusheni ya 1920 kwa 1080) inacheza karibu kila kitu ukiweka mipangilio ya kati au ya juu. Udhaifu wake ni ray tracing (uigaji wa mwanga halisi), na FSR, mbinu ya AMD ya kukuza picha ndogo ili fremu ziongezeke, kwenye kadi hii haitoi picha safi kama DLSS, mbinu ya aina hiyo ya NVIDIA.

RTX 4060 ina kasi zaidi, ina DLSS na utengenezaji wa fremu (kadi kubuni fremu za katikati), na inakula wati 115 tu, jambo la thamani kwa mtu mwenye pawasaplai ndogo. Tatizo ni memori ya GB 8. Memori ile inasoma GB 272 kwa sekunde. Gemu ikijaza zile GB 8, tekstua (picha zinazofunika vitu vya gemu) zinazozidi huhamia RAM na kurudi kupitia PCIe. Kadi hii ina njia 8, na kwenye madabodi ya PCIe 3.0 njia hizo hupitisha takriban GB 8 kwa sekunde. Kutoka 272 hadi 8: ndiyo maana kaunta inaweza kuonyesha fremu 70 kwa sekunde na bado picha ikashtuka kila ukigeuka kona. Dawa ni kushusha tekstua daraja moja kabla ya kugusa mpangilio mwingine wowote, na kwa kawaida hiyo inatosha.

RTX 3060 ya GB 12 ni ya mwaka 2021 na kasi yake ghafi iko chini ya 4060, lakini memori yake haijai ovyo na inatumia njia zote 16. Mtu anayehariri video mchana, anayefanya kazi za Blender (programu ya picha za 3D), kisha anacheza usiku, achukue hii. Inataka wati 170. Tahadhari moja tu: kuna RTX 3060 ya GB 8 yenye jina lilelile, na imepunguzwa upana wa memori kutoka biti 192 hadi 128. Bei ikiwa nzuri kupita kiasi, soma kiasi cha memori kwenye boksi.

Intel Arc B580 ya Desemba 2024 inavutia kwa GB 12 na bei ya kuanzia ya dola 249 huko Marekani. Kwa mashine mpya ni kadi nzuri kweli. Kwa OptiPlex ni hasara. Inahitaji Resizable BAR, mpangilio unaomruhusu prosesa kufikia memori yote ya kadi kwa pamoja, iwashwe kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), kitu ambacho mashine za ofisi za kizazi cha 4 hadi cha 9 kwa kawaida hazina, na draiva zake (programu zinazoiendesha kadi) humchosha sana prosesa mzee. Ukiwa na prosesa kama Ryzen 5 5600 au i5-12400, iangalie kwa makini.

Wenye mashine mpya kama hizo na bajeti kubwa kidogo, tunawaelekeza kwenye RX 9060 XT ya GB 16, iliyotoka Juni 2025. Ina njia 16, kwa hivyo hata madabodi ya PCIe 3.0 haiibani. RTX 5060 Ti ya GB 16 ni nzuri pia, na DLSS 4 ni sababu halali ya kulipa zaidi. Matoleo ya GB 8 ya kadi zote mbili tuyaache. Nguvu ya chipu ipo, ila memori inaifunga miguu, na kwa bei hiyo mnunuzi anastahili kadi ya miaka mingi.

Kabla ya kununua yoyote, fanya jaribio lisilo na gharama. Fungua gemu unayoicheza sana, andika idadi ya fremu, kisha shusha rezolusheni hadi 720p na mipangilio yote chini. Fremu zisipopanda, prosesa ndiye kikwazo. Hali hii ni ya kawaida kwa i5-4590 au i5-6500, zenye nyuzi nne tu (threads, idadi ya kazi zinazofanywa kwa wakati mmoja), kwenye gemu za Warzone na Counter-Strike 2. Angalia pia kama RAM ni kijiti kimoja. Kuongeza cha pili kinachofanana nacho hupunguza mishtuko kwa pesa kidogo.

Soko la kadi zilizotumika ndilo kubwa, na ndiko watu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Jina la kuogopa zaidi ni RX 580 2048SP. RX 580 halisi ina shaderi (viini vidogo vya kuchora picha) 2304. Hii ina 2048, sawa na RX 570, na nyingi zimetoka kwenye uchimbaji wa sarafu za kidijitali. Programu ya GPU-Z inaonyesha idadi hiyo kwenye mstari wa Shaders, na kadi ya NVIDIA iliyobadilishwa programu yake ya ndani (BIOS) ijifanye kubwa huweza kuandikiwa neno FAKE mbele ya jina. Kuhusu GTX 1060 na 1070, NVIDIA ilitangaza kuwa draiva zao za gemu zingeishia Oktoba 2025, basi usizilipie kama kadi za leo.

Kadi ikiwa mkononi, isogeze kwenye mwanga. Tazama skrubu nne za nyuma ya chipu: zikiwa zimekwaruzwa, imefunguliwa. Mafuta yanayong'aa pembeni mwa bodi hutoka kwenye pedi za joto zilizochoka. Zungusha feni kwa kidole. Isikwame wala kuyumba. Kisha ichomekwe, uendeshe FurMark au Unigine Superposition, programu za kuipa kadi kazi nzito, kwa dakika 20 ukifuatilia joto la hot spot (sehemu yenye joto zaidi kwenye chipu). Likipita wastani wa chipu kwa zaidi ya nyuzi joto 25, pesti (kilainishi cha kuhamisha joto) imekauka au kipoozi hakijakaa sawa. Nukta za rangi au mistari kwenye picha mara nyingi ni memori au chipu inayokufa, na hakuna kusafisha kutakakoiponya.

Ukifika nyumbani, ondoa draiva za zamani kwa DDU (programu ya kufuta draiva) ukiwa Safe Mode (hali ya Windows ya kurekebisha matatizo) ndipo uzime mashine na kubadilisha kadi. Kadi ya miaka hii huweza kukupa skrini nyeusi ikiwa BIOS iko kwenye Legacy (njia ya zamani ya kuwasha mashine). Hakikisha diski ni GPT (mpangilio mpya wa diski), kisha hamia UEFI (njia mpya ya kuwasha). Utahitaji hivyo hata hivyo, kwani gemu ya Battlefield 6 inadai Secure Boot, ulinzi wa mashine inapowaka, ambao huhitaji UEFI. Waya wa monita uchomekwe kwenye kadi, si kwenye madabodi. Monita ya ex-UK yenye VGA pekee itahitaji kigeuzi chenye chipu ndani, maana kadi hizi hazitoi VGA.

UPS (betri ya akiba ya stima) ndogo ya 650VA hutoa wati 325 hadi 390 hivi. Mashine yenye RX 6600 inaweza kubaki hewani dakika chache stima ikipotea; yenye kadi ya wati 220 inaweza kuizidi papo hapo.

Kuhusu malipo, lipa kwa till ya duka badala ya namba ya simu ya mtu, na udai risiti ya kodi (ETR au eTIMS) yenye modeli kamili na namba iliyo kwenye stika ya kadi. Kadi nyingi huletwa kupitia Dubai, na dhamana unayoitegemea ni ya duka hilo. Muda wake, na kama utabadilishiwa kadi au itatengenezwa, viandikwe kwenye risiti hiyo kabla hujaingiza PIN.