Lenzi ya mkono ya kukuza mara 10 kwa kuwatambua kunguni wenye miguu ya jani

Lenzi hii ya kukunja nimeitumia hasa kwa kuwatambua kunguni wa familia ya Coreidae, yaani wadudu wafyonzao mimea wala si kunguni wa kitandani, ambao wengi wao wana miundi ya miguu ya nyuma iliyopanuka ikawa bapa mfano wa jani. Jani lenyewe halihitaji lenzi. Mdudu mpevu wa Leptoglossus, jenasi mojawapo ya familia hii, ana urefu unaokaribia sentimita 2, na upana huo wa mguu huonekana kwa macho matupu. Thamani ya lenzi huanza pale mguu usipotoa jibu, kwa maana baadhi ya spishi za familia hii, kama Anasa tristis anayeshambulia maboga, hazina jani lolote, na tunutu wachanga, yaani wadudu ambao hawajapevuka, huwa bado hawajaliota.

Tunutu hao, ambao mara nyingi ni wekundu au wa rangi ya machungwa wenye miguu myeusi, ndio wanaowachanganya watu zaidi, kwa sababu hufanana mno na tunutu wa kunguni wawindaji wa familia ya Reduviidae, ambao hula wadudu waharibifu na kwa kweli hawastahili kuuawa. Hapa lenzi imeniridhisha kabisa. Ukimtazama mdudu kwa ubavu, mdomo wa Coreidae unaonekana mwembamba, mrefu, ulionyooka na kulala chini ya kifua katikati ya miguu, ilhali wa mwindaji ni mfupi, mnene na umepinda. Vipapasio navyo vinahesabika pingili kwa pingili: vya Coreidae vina 4, na vya kunguni wapevu wa Pentatomidae, wenye umbo la ngao, kwa kawaida vina 5. Kioo ni safi hadi ukingoni, na mishipa mingi ya ncha laini ya bawa la mbele inaonekana bila ukungu.

Kasoro ipo. Lenzi hutaka mdudu awe umbali wa milimita 25 hivi, naye akihisi mtu huzunguka upande wa pili wa shina au huruka. Ni afadhali kumtia kwanza katika chupa angavu na kumpoza kidogo kwenye jokofu. Skrubu ya bawaba pia hulegea upesi.

Anayetaka kununua moja tu achukue hii badala ya ile ya mara 20, ambayo humlazimu kumsogelea mdudu zaidi na kuona sehemu ndogo zaidi ya mwili wake, hata kipapasio kizima hakienei machoni kwa mara moja.