Unga wa lishe wa vitu 14: nyota mbili kwa mtoto, nne kwa baba ake

Haya wamama wenzangu, nimeleta mrejesho wa ule unga wa lishe, ule unaouzwa mtandaoni kwenye mfuko wa kaki wenye kidirisha cha plastiki. Jina silitaji, dada anayeuza ni mstaarabu tu na mzigo ulifika siku hiyo hiyo. Kilo moja elfu 8, boda elfu 3 mpaka Tabata. Nilinunua mwanangu akiwa ndo kwanza katimiza miezi sita.

Kilichonivuta ni ile orodha jamani. Mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele, soya, karanga, korosho, lozi, ufuta, mbegu za maboga, mlonge na dagaa. Vitu 14! Nikasema hapa mtoto atanenepa mpaka nguo zipasuke.

Sasa uji wenyewe. Ukichemka harufu nzuri, ya karanga za kukaanga kabisa, ila ukionja kuna kauchungu kanabaki kooni, mie nikasingizia mlonge. Mtoto vijiko vitano anageuza uso. Basi nikawa naongeza maji ili uteremke, leo kidogo, kesho kidogo, mwisho nikaona nitie kwenye chupa tu, anamaliza chupa nzima na mie moyo kwatuu, kumbe nampa maji ya rangi. Siku ya kliniki tunaweka kwenye mzani kilo 7.6, mwezi uliopita 7.5, yaani mstari kwenye kadi umelala chali.

Nesi hakunigombeza (ajabu kweli), aliuliza tu, mama, huo uji unaupikaje? Nikamwonyesha mpaka picha ya mfuko kwenye simu. Jicho lake likatua pale palipoandikwa "kuanzia miezi 4", akasema hapa tu ungeurudisha, kabla ya miezi 6 mtoto ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Halafu akaja kwenye wepesi wa uji. Tumbo la mtoto wa kilo 8 linabeba kama mililita 240, kikombe tu hicho, ukikijaza maji mtoto anashiba na hakuna alichokula. Uji wake ukiuchota ukae kwenye kijiko, usikimbie. Na chupa niachane nayo, bakuli na kijiko, maana chupa kuisafisha vizuri ni shughuli na kuhara kwingi kunaanzia humo humo.

Kuhusu vitu 14 ndo alinimaliza. Nafaka sita kwenye mfuko mmoja hazimzidishii mtoto chochote cha maana kuliko nafaka moja au mbili, kazi yao karibu ile ile, kumpa nguvu. Alafu mtoto akitoka vipele utajuaje ni lozi, ngano, karanga au dagaa? Na soya, isipoandaliwa kwa moto vizuri ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini, yaani umeweka protini ya kuzuia protini. Nikarudi kumuuliza dada muuzaji soya yake anaifanyaje, akajibu "tunaosha na kuanika vizuri dear". Kuanika sio kuchemsha dada angu.

Karanga nazo zikishasagwa mafuta yake hayakawii kuharibika, unga ukikaa sana unaanza kuwa mchungu, so mlonge wa watu niliusingizia bure. Kinachoniogopesha zaidi ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga, huioni kwa macho na kupika hakuitoi. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sababu yake, na walikuwa wanakula chakula chao cha kila siku tu. Mfuko wangu nikaugeuza huku na huku, hauna tarehe ya kusagwa wala alama ya TBS, shirika la viwango. Nyota zikaanza kudondoka hapo.

Aliyeniokoa ni mama mkwe, wa Rombo huyo, alikuja kutusalimia akakuta nahangaika na mwiko. Akasema mwanangu huna kimea? Akaloweka ulezi usiku kucha, akamwaga maji, akaufunika na kitambaa kibichi siku mbili mpaka ukachipua, akauanika, vimizizi akavipukutisha, tukapeleka mashine. Sasa nasonga uji wa mahindi mzito mpaka mwiko unasimama, naacha upoe kidogo, natia kijiko cha unga wa kimea nakoroga, na hapo ndo maajabu, unalainika wenyewe bila kuongeza tone la maji! Narudisha jikoni uchemke tena, basi. Mume wangu kuona akauliza mama mnampa mwanangu mbege? Maana kimea ni hicho hicho cha mbege, ile pombe ya Wachaga lol.

Karanga nanunua nzima, nachambua, zilizosinyaa na zenye ukungu natupa, nakaanga na kutwanga kidogo za siku mbili tatu. Yai, mchicha na dagaa nilimwanzishia kimoja kimoja kwa siku tofauti, sasa kila siku kimojawapo kinaingia kwenye bakuli lake. Gharama sijapiga hesabu kali ila elfu 8 yangu sasa inafika mbali kuliko kile kimfuko. Kliniki ya juzi kilo 8.1, nesi kanichorea mstari unapanda nikataka kumkumbatia.

Ah nisisahau, kwenye mfuko wameandika pia "huongeza damu". Mie kipimo cha wingi wa damu (HB) kilikuwa 10 nikawa naunywa kila asubuhi na chai ya rangi pembeni, kumbe chai inazuia madini ya chuma ya kwenye nafaka na mboga yasiingie mwilini. Dawa za damu nimepewa hospitali, chai nimeisogeza mbali na chakula, kwenye mchicha nakamulia ndimu. Sasa HB ni 11.4, na unga haukuhusika.

Ila nisiwe mchoyo wa sifa, kwa mtu mzima uji ule ni mtamu ukitia sukari na ndimu ya kutosha na mfungashio wake ni msafi. Uliobaki mfukoni, mume wangu anakunywa kikombe kikubwa kabla ya kwenda kazini saa kumi na moja alfajiri anasema unamfikisha mchana. Juzi kaniuliza tunaagiza lini mwingine, nikamwambia muulize kwanza dada soya anaichemsha siku hizi? Kaenda inbox kweli, bado tunasubiri jibu.