Mashine ya kufulia inanuka? Cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Kanzu ya mume wangu ndiyo iliyonishtua. Ijumaa, karibu saa sita mchana, kaitoa kabatini imepigwa pasi, nyeupe pe. Ilipopata joto la mwili tu, ikaanza kutoa harufu ya tambara lililolala ndooni siku mbili. Ilibidi arudi ndani kuibadilisha.

Nikaifua upya. Nikaongeza sabuni, nikaongeza na softena. Ikazidi.

Nilipokunjua ule mpira wa kijivu unaozunguka mlango wa mashine ndipo nilipoelewa. Ndani ya mkunjo palikuwa na ute mweusi, mtelezi, kama ule unaoota chini ya mtungi ambao haujasuguliwa muda mrefu. Nilitoa humo pini ya mtandio, shilingi kumi na nywele zilizojiviringisha. Nikapitisha kidole, nikakinusa: harufu ni ile ile ya kanzu.

Ute huo ni mchanganyiko wa mabaki ya sabuni, softena, mafuta ya miili yetu, na vijidudu wanaojilisha hayo yote. Ukifua kila siku kwa maji baridi, hakuna kinachowaua. Na sisi wa Malindi tuna mzigo wa ziada. Maji ya mfereji yakikatika tunavuta ya kisima, na ardhi hii ni ya mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji ya kisima huja na chokaa. Tazama ndani ya birika lako la umeme. Gamba jeupe lililoshika chini ndilo linaloshika pia ndani ya mashine, na ute hupata pa kujishikiza. Masika yakiingia, hewa yenyewe imeloa, na mashine iliyofungwa mlango haikauki hata kwa wiki.

Kabla hujatoa pesa, fanya kazi ya mkono kwanza. Mswaki wa zamani na tambara vinatosha. Sugua mkunjo wa mpira wote, hasa chini. Vuta droo ya sabuni itoke kabisa, utazame na pale juu inapoingilia, kwa sababu ukungu hujificha hapo. Halafu fungua chujio lililo chini mbele, huku umeweka beseni la kukinga maji. Usishangae yakinuka yai viza. Dawa yoyote utakayomwaga juu ya uchafu huo wote ni hasara tupu.

Na kama harufu ni ya choo hasa, si ya uvundo wa nguo, tatizo si mashine. Ni bomba la kutolea maji lililosokomezwa kwenye njia ya shimo, na hewa ya shimo inarudi juu. Mwite fundi alipandishe bomba na aweke kona inayobaki na maji. Hakuna cha dukani kitakachokusaidia hapo.

Sasa manunuzi, kwa mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza naipa poda ya oksijeni, ile inayouzwa kama ya kutoa madoa, mfano Vanish ya unga. Soma viambato nyuma ya kopo utafute sodiamu pakaboneti. Kama haimo, rudisha kopo kwenye rafu. Kitu hiki kikikutana na maji ya moto hugeuka kuwa haidrojeni peroksaidi na magadi: ya kwanza huua vijidudu na kung'arisha, ya pili huyeyusha mafuta. Ndiyo maana naiweka juu ya zote, maana inafanya kazi mbili kwa mkupuo mmoja. Tia vijiko saba hivi vya kulia moja kwa moja ndani ya dramu tupu, chagua mzunguko mrefu wa digrii 60 au zaidi, uwashe. Joto ndilo linaloiamsha. Ukiiweka kwenye maji baridi umeitupa. Najua tokeni ni ghali, na mzunguko wa moto hula yuniti moja hadi mbili. Lakini ni mara moja kwa mwezi, na ni nafuu kuliko kufua nguo zile zile mara mbili. Siku ya kwanza nilikaa mbele ya kile kioo kama mtu anayetazama runinga. Povu lilianza jeupe, dakika ishirini baadaye limekuwa rangi ya chai ya maziwa, na vipande vyeusi vinaogelea. Nilirudia mzunguko wa pili siku hiyo hiyo, na vipande vikaja tena, vichache.

Ya pili ni ndimu ya unga, yaani asidi ya sitriki. Itafute kwenye maduka ya vifaa vya keki na ya viungo, inauzwa kwa vipimo na si ghali. Hii haifukuzi harufu yenyewe; inayeyusha chokaa ambayo harufu imejibanza ndani yake. Gramu 100 ndani ya dramu tupu, digrii 60, usipande hadi 90, kwa sababu kwenye moto mkali chokaa na sitriki huweza kushikana upya na kuganda. Nani anaihitaji? Rudi kwenye birika lako. Kama halina gamba, bakisha pesa yako. Kama lina gamba nene, basi mara moja kila miezi mitatu, na iwe siku tofauti na ile ya poda. Utie na kidogo kwenye birika pia.

Ya tatu ni jiki. Lakini hapa sina budi kusema: kwa wenye mashine za matangi mawili, au za kufungulia juu zisizochemsha maji, jiki ndiyo ya kwanza, kwa kuwa poda ya oksijeni haitapata joto lake. Nusu kikombe kwenye maji baridi ya kujaa, zungusha dakika chache, acha ilowe nusu saa, mwaga, kisha suuza kwa maji mengi mara mbili. Usitumie maji ya moto, yanaivunja nguvu. Wala usiifanye mazoea ya kila wiki, kwa sababu inakula mpira, na inakula chuma kinachoshikilia dramu kwa nyuma, ambacho mara nyingi ni cha aluminiamu.

Nawasihi jambo moja hapa. Jiki usiichanganye kamwe na siki, wala ndimu, wala asidi ya aina yoyote. Mimi niliwahi kufanya hivyo nikidhani dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Chumba changu cha kufulia kina dirisha dogo tu. Ilinikaba kooni, macho yakawaka, nikatoka mbio hadi uani, na kifua kiliniuma mpaka usiku. Inayotoka pale ni gesi ya klorini, ni sumu kamili. Mwambie na binti anayekusaidia kazi, umwonyeshe chupa zenyewe, usidhani anajua.

Vidonge vya kusafishia mashine nimeviweka vya nne, na si kwa sababu ni vibaya. Vinafanya kazi. Ila ukisoma viambato, vingi ni ile ile poda ya oksijeni iliyogandishwa na kutiwa manukato, nawe unalipia kisanduku. Kama una nyumba ya wageni huko Casuarina, mtaa wa hapa hapa Malindi, na anayefua si wewe, basi nunua: kidonge kimoja, mzunguko mmoja, hakuna kipimo cha kukosea.

Magadi na soda ya kuokea? Yanasaidia kidogo kwenye mafuta, hayaui kitu. Magadi mawe ya sokoni huwa na mchanga, usiyaingize kwenye mashine kabisa. Siki ni dhaifu, asidi yake ni kama asilimia tano tu, na ukiizoesha mashine inachosha mpira. Kuchanganya siki na soda, kama wengi wanavyoshauriana, ni kuziua zote mbili: povu linapendeza, linalobaki ni maji ya chumvi tu.

Cha mwisho, na hiki nakuomba usikinunue kwa kazi hii, ni softena na manukato ya kufulia. Softena huacha utando wa mafuta kwenye nguo na ndani ya mashine, na huo utando ndio chakula cha vijidudu. Mimi napenda nguo inukie, nimelelewa kwenye nyumba yenye chetezo, lakini udi hufukizwa nguo iliyokwisha takata na kukauka. Juu ya uvundo, udi wenyewe unaharibika.

Limebaki jambo la mpira. Ukiusugua, ukapitisha poda mara mbili, na madoa meusi bado yamo ndani kwa ndani, basi umeshaliwa, nunua mpya. Usimwachie fundi akisie saizi. Piga picha kile kibandiko chenye namba ya modeli, mara nyingi kipo ukingoni mwa mlango au nyuma, umtumie kabla hajaagiza Mombasa. Wangu uliagizwa kwa macho tu, ukaja mdogo kwa upana wa kidole, na tukasubiri mwingine wiki nzima huku nikifua kwa mkono uani.