Modeli ya manowari Monitor: mnara usiugandishe

Nimekalafati majahazi na mashua, yaani kushindilia nyuzi kwenye nyufa za mbao maji yasipite, pale Sahare, Tanga, kwa miaka 31, na hili ndilo boksi la kwanza la modeli kuingia nyumbani kwangu. Nililinunua Ngamiani kwa shilingi 78,000, zawadi ya mjukuu wangu aliyeanza kidato cha kwanza. Ndani mna vipande vya plastiki vya kuunga Monitor, manowari ya chuma ya Marekani. Ikikamilika ina urefu wa sentimeta 35 hivi. Nimeipenda sana, ila ina kosa moja ambalo mtu wa kazi yangu hawezi kulinyamazia.

Nianze na uzuri wake. Umbo wamelipatia. Sitaha iko chini kabisa, karibu ilambwe na maji, hata mjukuu akaniuliza, "Babu, mbona kama imeshazama?" Ndivyo ilivyokusudiwa: adui asipate ubavu wa kulenga. Aliyeichora ni John Ericsson, Mswidi aliyehamia Marekani, na iliteremshwa majini Brooklyn tarehe 30 Januari 1862, siku zisizofika 100 tangu ulazwe mkuku, ule uti wa chini wa meli. Mimi nimeona jahazi likikaa bandani mwaka mzima likisubiri mbao.

Halafu mnara. Manowari za kabla yake zilipanga mizinga ubavuni, ukitaka kulenga unageuza meli nzima. Hapa mnara ndio unaogeuka, kwa nguvu ya mvuke, na mizinga miwili ndani yake. Ule wa kweli una upana wa meta 6 kwa ndani, na ukuta wake ni mabamba manane ya chuma yaliyopandana, kila moja inchi moja. Kwenye modeli vichwa vya ribiti vinaonekana mpaka ukipitisha ukucha unavihesabu.

Sasa kosa. Karatasi ya maelekezo, hatua ya 17, inasema upake gundi chini ya mnara na kuubandika kwenye sitaha. Hapana! Mnara wa Monitor haukufungwa. Ulikalia pete ya shaba kwa uzito wake wenyewe, na ukitaka kuuzungusha unauinua kidogo kwanza. Ericsson alitaka uzito huo ndio uzuie maji. Lakini kabla ya safari ya kwanza, Machi 1862, watu wa gati waliuinua na kushindilia nyuzi za katani chini yake, kalafati kabisa. Bahari ilipochafuka nyuzi zikachomoka, maji yakamwagika ndani mzunguko mzima. Mengine yaliingia kwenye mabomba ya hewa, mikanda ya feni ikalowa ikateleza, moto ukakosa hewa, na mabaharia wakavutwa juu wamelewa moshi.

Mimi na mjukuu tulijaribu kwenye beseni. Tulizungushia pamba chini ya mnara, tukaibana vizuri kwa ncha ya kisu, kisha tukapiga mawimbi kwa sahani. Wimbi la nne pamba ilikuwa inaelea. Tukaitoa yote, tukatia chubwi mbili za nyavu ndani ya mnara ziwe uzito. Maji yaliyopita hayakujaa kijiko. Kalafati inashika mahali ambapo mbao mbili zimebana na hazichezi. Chini ya kitu kinachoinuliwa haina pa kushika. Mtu wa forodhani yeyote angewaambia.

Jambo la pili: modeli haionyeshi mbao. Watu hudhani manowari hizi zilikuwa chuma tu. Virginia, manowari ya majimbo ya Kusini yaliyoasi Marekani, iliyopigana na Monitor tarehe 9 Machi 1862 kwa saa kama nne, ilikuwa na chuma cha inchi 4 juu ya futi mbili za msonobari na mwaloni. Warrior ya Waingereza, ya mwaka 1860, ilivaa inchi 4.5 za chuma juu ya inchi 18 za mtiki, mti huu huu unaopandwa Longuza, Muheza. Chuma hukataa risasi, mbao humeza kishindo. Siku moja kabla ya pambano lile na Monitor, Virginia ilikuwa imezamisha Cumberland kwa kuipiga pembe na kuiteketeza Congress, zote manowari za mbao tupu. Ilipokutana na Monitor hakuna aliyemtoboa mwenzake, ingawa Monitor ilikuwa imeamriwa isizidishe ratili 15 za baruti kwa kila mzinga. Wangeweka kwenye boksi hata kipande kimoja cha ubavu uliokatwa, mtoto aone tabaka.

Duka lilitupa boksi lenye gundi iliyokauka na parafujo ya nyuma, lile panga linalosukuma meli, haimo. Niliporudi walinibadilishia gundi, parafujo hawakuwa nayo, nikaichonga ya mkandaa. Fungueni boksi pale pale kaunta.

Monitor yenyewe ilizama usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 1862, karibu na Cape Hatteras, pwani ya Marekani, na watu 16. Safari ile pia walishindilia katani chini ya mnara. Mwaka 2002 mnara uliopolewa baharini, na sasa uko makumbusho ya Newport News, jimbo la Virginia. Wetu uko juu ya kabati na chubwi zake, na unazunguka.