Tochi ya mfukoni: ipi ununue, ipi uiache dukani

Muuzaji wa Kariakoo hamuliki ukuta, anakumulika wewe usoni. Ukimaliza kupepesa macho, ameshakufungia mzigo. Boksi limeandikwa lumeni 100,000, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, na bei haifikii kuku wa kienyeji. Haya, piga hesabu: balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi. Kwa hiyo boksi linakwambia umeshika balbu 125 kiganjani. Ingekuwa kweli, tochi hiyo ungeishika kwa kitambaa, kama sufuria.

Ndiyo maana sipangi tochi kwa lumeni. Naangalia inatumia betri gani, inachajiwa vipi, na mwanga wake wa chini kabisa ni mdogo kiasi gani. Hilo la mwisho watu hulidharau, mpaka siku unapotafuta dawa ya mtoto saa nane usiku na hutaki kuamsha nyumba nzima.

Namba moja kwangu ni tochi ya betri moja ya 18650, ile ya lithiamu ya kuchaji iliyo nene kuliko AA, yenye tundu la Type-C ubavuni. Mfano mzuri ni Wurkkos FC11: lumeni 1,300, sumaku kwenye kitako, na waya wa simu yako unatosha kuichaji. Ile sumaku niliiona ya kitoto, hadi nilipoinasisha chini ya boneti nikabaki na mikono miwili ya kufungulia nati. Kasoro yake ni uzito: na betri yake inazidi gramu 100, kwenye suruali ya kitambaa chepesi inaning'inia. Halafu usitegemee lumeni 1,300 usiku kucha. Baada ya dakika chache bodi inapata moto na tochi inajipunguza yenyewe. Kawaida tu, karibu zote ndogo hufanya hivyo.

Namba mbili, ambayo kwa anayesafiri sana vijijini naipandisha juu, ni ya betri moja ya AA, ile ya saa ya ukutani. Sofirn SP10 Pro inakubali AA ya dukani na pia 14500, betri ya kuchaji yenye umbo lilelile. Umeme ukikatika siku tatu, kila kioski kina betri yako. Ila 14500 ina volti 3.7 na AA ina 1.5, kwa hiyo usiitumbukize kwenye tochi ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Na AA za alkali usizisahau humo. Yangu moja ilivuja miezi ikiwa kwenye droo, ikaila springi hadi ikabaki unga wa kijani.

Namba tatu ni ya AAA, betri ya rimoti. Olight i3T inatoa lumeni 180, na ukiiweka mfukoni na funguo unasahau kama ipo. Kwa ngazi za ghorofani na tundu la kitasa inatosha kabisa.

Ya mwisho ni ile ya kuvuta kichwa, inayouzwa na kishikizo cha betri tatu. Mwanga wake ukivutwa unakuwa mraba mkali katikati na giza pembeni. Hapo huoni shimo lililo mbele ya mguu wako. Inua betri yake ya 18650 nayo. Ikiwa imeandikwa 9,900 mAh, kipimo cha chaji inayobeba, irudishe, kwa sababu 18650 nyingi nzuri huishia kwenye 3,500 na ushee. Ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi. Mizani ya sonara itakwambia kwa sekunde moja.

Kuhusu saa za kukaa: kipimo cha FL1 cha Marekani, ambacho kampuni nyingi hufuata, huhesabu muda hadi mwanga unaposhuka kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo "saa 5" za kwenye boksi huenda zina saa 3 za mshumaa.

Ukiwa dukani, kataa kumulikwa usoni. Ichukue tochi, simama penye kivuli, mulika kiganja chako mwenyewe. LED nzuri inaonyesha wekundu wa damu chini ya ngozi. Kiganja kikigeuka cha maiti, irudishe kaunta.